Bastola Ndogo ya Zénon

Ndugu zangu, nyinyi mnaosukwa nywele kwangu na nyinyi mnaopita tu mlangoni, kaeni kidogo. Mimi Mama Tina nina mdomo, mnanijua, na jambo hili siwezi kulinyamazia.

Nyumba ya wale Warundi, Zénon na Godelive, hapa Clairwood, huku kusini mwa Afrika tulikokimbilia, ilikuwa nyumba ya kupendeza. Mume alitengeneza simu dukani kwake karibu na yadi za malori, mke aliuza vitenge. Jumapili baada ya kanisa mlango wao ulikuwa wazi, maharagwe ya mawese yamejaa sufuria, na kila aliyeingia alikumbatiwa. Maana Warundi, jamani, hawasalimii kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuchafuka. Wanakumbatiana kifua kwa kifua, wanapigana mgongo, wanatakiana makundi ya ng'ombe, ndiyo baraka ya kwao, hapa mjini ambapo hata kuku huna pa kumfuga. Sisi Wakongo tuliwacheka, lakini moyoni tulipenda.

Siku moja, mchana kweupe, vijana wawili waliingia dukani wakamlaza Zénon kifudifudi. Mmoja alimkanyaga shingo, mwenzake akakusanya simu za wateja. Hawakumuua. Lakini tangu siku hiyo, pikipiki ikipiga kelele nje, Zénon anaruka. Nilimwonea huruma, sitadanganya. Kukanyagwa shingo mbele ya wateja wako si jambo dogo.

Apollinaire, muuza matairi wa jirani, aliwaita wenye maduka wote. "Tufunge pamoja, tutoke pamoja, tuajiri mlinzi mmoja wa wote," alisema.

Zénon akasonya. "Mlinzi na rungu? Eish, papa, hawa watoto wako na bunduki!"

Leseni ya silaha asingepata, maana sisi wa karatasi za ukimbizi sheria ya hapa haituruhusu. Basi akamtafuta Serge, mtu anayejua kupata vitu visivyouzwa dukani. Yaliyotokea huko siyatungi mimi. Zénon mwenyewe aliyaeleza mahakamani, nami nilikuwa nimekaa nyuma nikisikiliza.

Serge alimpangia bastola tatu juu ya gunia, nyuma ya kontena.

"Hii kubwa iko na nguvu, lakini shati itafutuka. Hii ya katikati iko mpya, bei yake utakimbia. Hii kadogo iko ya zamani kidogo, lakini unachomeka kwenye mkanda na mtu haoni kitu."

Zénon aliichomeka ile ndogo kiunoni, akashusha shati, akajigeuzageuza mbele ya kioo cha lori.

"Inaonekana?"

"Hata mke wako hataona."

"Na kile cha kuizuia isilipuke yenyewe?"

"Kimelegea. Weye usiiguse ovyo tu. Sharp? Tumeelewana?"

"Sharp," akajibu Zénon, akalipa.

Sharp! Mungu wangu! Mtu akienda kununua sufuria huigonga kwanza kwa kidole asikie kama imepasuka. Huyu aliambiwa waziwazi kwamba kitu ni kibovu, akakifunga tumboni kwa sababu ni cha bei nafuu na hakionekani.

Toka hapo Zénon akabadilika. Kanisani alitoa mkono kutoka mbali, kiwiko kimebana tumbo, na mtu akifungua mikono kumkumbatia anarudi nyuma. Watu wakasema duka limemtajirisha, anaringa. Godelive alikuja kwangu kusukwa, machozi yakamdondokea magotini.

"Mama Tina, mume wangu hanikumbatii tena. Akiingia tu anakimbilia chumbani kwanza. Labda iko na mwanamke."

"Muulize, mwanangu. Usilie na mimi, lia naye."

Alimuuliza. Zénon akamwambia mgongo unamuuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ikaja habari ya furaha. Boniface, kaka yake Godelive, alikuwa njiani kutoka Bujumbura. Jueni kwamba Godelive hana baba wala mama. Boniface ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha, na walikuwa hawajaonana tangu Godelive avuke mpaka. Wiki nzima alifua mapazia na kuimba. Jumamosi mchana tulikwenda pamoja kumpokea kituo cha basi. Jitu lile, mikono kama ya mbeba saruji, lilimnyanyua dada yake likalia mbele za watu bila haya.

Zénon alipanga kufika nyumbani kabla yetu aifiche bastola. Mteja akamchelewesha. Alipoingia, sisi tumeshafika, na Boniface amesimama katikati ya sebule. Ili afike chumbani ilibidi ampite.

Akanyoosha mkono. "Karibu, shemeji."

Boniface aliutazama ule mkono. Kicheko kikamfutika usoni. "Mimi nilikupa dada yangu, wewe unanipa vidole?"

Godelive akainamisha kichwa kwa aibu. Zénon alibana kiwiko tumboni, nami nikadhani ni kiburi kimemshika. Angeweza kusema, "Shemeji, subiri, nina silaha." Maneno machache tu! Lakini aliogopa tumjue, akaona aibu, akafungua mikono.

Boniface alicheka tena, akamkumbatia, akambana kifua kwa kifua, akamnyanyua juu. Ndipo tukasikia mlipuko.

Risasi ilishuka ikaingia pajani mwa Boniface, ikakata mshipa mkubwa. Godelive alivua kitenge chake akafunga, mimi nikakandamiza kwa mikono hii mnayoiona, Zénon amepiga magoti anapiga kelele kwa Kirundi. Gari la wagonjwa lilipofika, Boniface alikuwa ameshatuacha. Hata maji ya kunywa alikuwa hajapewa.

Zénon alifungwa kwa kuua bila kukusudia na kwa silaha isiyo halali. Duka limefungwa. Wale vijana waliomkanyaga shingo hawakuwahi kuiona bastola yake, hata siku moja.

Nilimsindikiza Godelive gerezani mara moja. Zénon alilia. "Niliinunua kwa ajili yako. Nilitaka kukulinda."

Godelive hakupandisha sauti. "Nilikuwa na watu wawili tu duniani, Zénon," alisema. "Umenilinda na nani?"

Akainuka, akanishika mkono, tukatoka. Hajarudi huko tena.

FUNZO

Ndugu zangu, woga si dhambi. Mji huu unaogopesha, na aliyekanyagwa ana haki ya kutetemeka. Lakini woga wa siri, ule usioambiwa mke wala jirani, utakununulia kitu kitakachoua watu wako kabla hakijamtisha mwizi. Silaha ya magendo, hasa ile ya bei nafuu inayofichika vizuri, haijui nani mwizi na nani shemeji. Mkeo akikuuliza, mwambie ukweli. Majirani wakisema tembeeni pamoja, tembea nao. Na wewe ambaye saa hii umebana kiwiko tumboni ukinisikiliza, nenda ukaiondoe leo, kabla mtu anayekupenda hajakufungulia mikono.