Abiria wa Gari Jekundu

Mama Viti aliingiza kichwa ndani ya gari jipya la mumewe kutafuta miwani yake. Akaegemea kiti cha abiria kwa kiganja, na kiganja kikakuta joto. Si joto la jua, maana gari lilikuwa kivulini. Mumewe alikuwa ametoka matembezini peke yake, ameshuka dakika chache zilizopita, na kiti chake cha dereva kilikuwa kimeshaanza kupoa. Hiki cha pili kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Mwanamke mwingine angesema labda ni injini, akaenda zake. Lakini huyu hakuitwa Mama Viti kwa utani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akishona viti vya magari kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yao, vya mabasi, vya malori, vya teksi. Mpe kiti akipapase, atakuambia mwenye kukikalia ni mnene au mwembamba, na kama safarini humgeukia dereva au hugeukia dirisha. Akakipapasa kile kiti mara ya pili. Sponji ilikuwa imebonyea upande wa dereva. Aliyekaa pale alikuwa amemwegemea mumewe.

"Miwani umeiona?" mumewe akauliza nyuma yake.

"Nimeiona," akajibu, na wala hakuwa ameiona.

Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Bwana Saa. Tangu ujana wake alikuwa ameinamia meza yenye taa ndogo, lenzi imebanwa jichoni, anachokonoa vyuma vyembamba kama ukucha wa mtoto. Haki ya Mungu, mtu kama huyo akijinunulia gari la spoti, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba kuingia ndani ni kama kukaa mkekani, nani atamlaumu? Alilinunua kwa mtu aliyelitoa haraka haraka, bila kubembelezwa, na aliyekataa hata kulisindikiza hadi barabarani. Bwana Saa alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuuliza kwa nini.

Kila alasiri akawa anafunga duka mapema na kuelekea mashambani, kwenye ile barabara nyembamba ya lami inayopanda vilima kwa kona baada ya kona. Akirudi, uso unang'aa na mgongo umenyooka, anapiga mluzi kama kijana aliyeitikiwa posa.

"Nipeleke na mimi," Mama Viti alimwambia wiki ya kwanza.

"Mkanda wa kile kiti umekwama, mama."

Wiki ya pili kiti kilikuwa na vumbi. Wiki ya tatu barabara ilikuwa na mashimo, eti angeumia kiuno. Mama Viti alimsikiliza, akatikisa kichwa, na wivu ukazidi. Shati la mumewe likawa linanuka maua yaliyolowa na chuma cha moto. Siku moja alikuwa anaanika nguo uani akasikia gari linapanda njia ya nyumbani, madirisha wazi, na ndani yake vicheko viwili, cha mwanamume na cha mwanamke. Gari likaingia na kuzimwa, mlango ukafunguliwa. Akashuka mtu mmoja.

Alimweleza wifi yake, dada wa Bwana Saa, aliyekuwa akija kila siku kumsaidia kukata vitambaa. Wifi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Kaka yangu huyu? Huyu anayevaa soksi na kandambili? Wifi, nani atamtaka, jamani?"

"Mimi nilimtaka."

"Wewe ulikuwa hujavaa miwani."

Mama Viti hakucheka. Kesho yake asubuhi, mumewe akiwa dukani na gari liko nyumbani, alichukua spana akakifungua kile kiti, akakibeba hadi karakana. Alikuwa anatafuta ushahidi. Unywele, hereni, kibanio, chochote. Alichana kitambaa cha zamani kwa wembe, akachokonoa kila mshono. Hakukuwa na kitu. Ila sponji ilikuwa vuguvugu, na alipoikandamiza kwa vidole ilijirudisha polepole, ikitoa pumzi.

Basi aibu ikamshika, na hasira juu yake. Akaamua kukishona upya kitambaa chote, angalau harufu ile itoke. Akaweka sponji mpya, akapima. Vipimo havikulingana na vya kiti cha dereva, ingawa viti vile ni pacha. Fundi yeyote angesimama hapo na kupima tena. Yeye, kwa ghadhabu, aliandika kile tepu ilichosema: hapa pana, hapa pamebonyea kama kiuno, hapa mabega. Akakata hivyo hivyo. Akashona hivyo hivyo, mashine ikilia na machozi yakimdondokea kwenye ngozi ya bandia, akakirudisha kiti ndani ya gari.

Jioni Bwana Saa aliporudi kutoka vilimani, alimkuta mkewe mlangoni.

"Asante kwa kiti," akamwambia, akimpita. "Anasema kimemkaa vizuri sana."

Mama Viti akamshika mkono wa shati. "Nani anasema?"

Mumewe aligeuka akapepesa macho. "Nani nini?"

Mama Viti alikwenda kwenye gari. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ule mkanda uliosemwa umekwama ulikuwa umefungwa, umekaza, umepita juu ya bega na kushuka kifuani na tumboni, umechora umbo la mwanamke aliyetulia, na ndani ya mkanda hamkuwa na kitu. Kisha ukapanda kidogo, ukashuka. Ukapanda tena. Mama Viti aliufunga ule mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa, akarudi nyuma hatua kwa hatua asigeuze mgongo.

Baada ya hapo mambo yaliharibika upesi. Saa za wateja zikalala dukani bila kuguswa. Bwana Saa akawa anaondoka asubuhi na kurudi jua likizama, mashavu yamebonyea, suruali inamvuka. Akiwa ndani ya gari anacheka. Akishuka, anamtazama mkewe kama jirani aliyehamia juzi. Alilisahau jina lake mara mbili. Ndoa ya miaka kumi na tisa, na mwanamume hajui amwite nani.

"Wifi," akamnong'oneza dada wa mumewe, "kaka yako anakwisha."

Safari hii wifi hakuleta mzaha. Alikuwa ameona ule mkanda mwenyewe. "Kuna mganga huko vilimani," akasema, naye ananong'ona. "Twende sasa hivi, kabla hajarudi."

Walipata lori la nyasi likawafikisha. Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira, anafuga kuku wa mayai, na aliwasikiliza huku anawamwagia kuku pumba. Walipofika kwenye habari ya kiti, ndoo ikamponyoka.

"Umemshonea mke mwenzio kiti?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Tena kwa vipimo vyake! Hata mimi sijawahi kuona. Wenzio wanawafukuza, wewe unawatandikia!"

"Sikujua," Mama Viti akasema kwa unyonge.

Kisha uso wa mganga ukawa mwingine. "Jini huyu hali damu wala nyama. Anakula raha. Mtu anapokata kona vizuri, moyo ukaruka, kile kiruko ndicho chakula chake. Mumeo amebaki kidogo tu. Wiki hii ikiisha wataondoka pamoja, utaletewa gari tupu."

"Nifanye nini?"

"Niletee gari hapa, nimfungue kwenye kile kiti na nikichome. Yeye mumeo hawezi kulileta, jini atamzungusha. Ulilete wewe, peke yako, mchana. Ila sikiliza. Liendeshe kama unapeleka taka jalalani. Usilifurahie. Hata kidogo. Ukilifurahia umemkaribisha."

"Mimi? Nalichukia gari lile kuliko jipu."

"Unalichukia, au unaona wivu?"

"Si ni yale yale?"

Mganga aliokota ndoo yake, akaendelea kulisha kuku.

Kesho yake, Bwana Saa akiwa bafuni, Mama Viti alichukua ufunguo mfukoni mwake. Kuendesha alijua. Miaka kumi na moja alikuwa akisogeza magari ya wateja uani, gia ya kwanza kwenda mbele, gia ya kinyume kurudi nyuma, basi. Aliingia, akakaza macho mbele, akawasha. Kabla hajaachia klachi, pembeni yake alisikia mkanda unavutwa polepole, kisha *tk*, ukafungwa.

Hakugeuka. Alitoka mjini kwa gia ya pili, harufu ya maua yaliyolowa ikipanda kutoka kwenye kitambaa alichokishona mwenyewe, na akawa anajisemea moyoni: taka, napeleka taka, napeleka taka. Nyumba zikaisha. Mashamba ya mahindi yakaanza. Kwa gia ya pili injini ilinguruma kwa uchungu, na huyo wa pembeni alikuwa anapumua tu, mtulivu, kama mgeni mwenye adabu.

Kwenye mlima wa kwanza lori likaja nyuma yake na kupiga honi. Likapiga tena, limemkaribia mno. Ikambidi aongeze mwendo, akatia gia ya tatu, akakanyaga mafuta.

Gari likaruka. Mgongo wake ukazama kitini na tumbo likabaki nyuma, lori likawa kidoa kwenye kioo, na kona ya kwanza ikamjia usoni kabla hajajua afanye nini, na alipotaka kukanyaga breki sauti ya mwanamke, ya chini, ya kirafiki, sauti ya shoga anayekuelekeza jambo lisilosemwa mbele za watu, ikamwambia sikioni, "Usifunge breki. Achia kidogo tu. Haya, sasa kanyaga," naye akaachia, akakanyaga, na gari likaizunguka kona ile kama mkasi mkali unaopita kwenye kitambaa, bila kukwama, bila kusitasita, na upande wa pili wa kona kulikuwa na bonde zima limefunguka, la kijani, na barabara inateremka na kupanda na kupinda mpaka upeo wa macho, yote tupu, yote yake.

Taka, akasema. Napeleka taka. Lakini midomo ilikuwa inatabasamu, aliihisi, akajaribu kuikunja, ikakataa.

"Mumeo hakuwahi kuipata kona ile hata mara moja," sauti ikasema. "Nilikuwa namvumilia tu."

Ole wake, maneno yale yalimwingia vizuri kuliko asali! Miezi miwili ameumwa na wivu, amejiona kizee, amejiona gunia, na leo aliyemnyang'anya mume anamwambia yeye ndiye bora. Akatia gia ya nne. Kona ya pili akaikata mwenyewe bila kuambiwa, na ya tatu, na kwenye ya nne moyo ukaruka mpaka kooni na kitu kikacheka, kicheko kirefu cha msichana, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye anayecheka, na muda mwingine kutambua kwamba hacheki peke yake, na kwamba mkono baridi, mwepesi, umewekwa juu ya mkono wake kwenye gia, na kwamba hataki uondolewe.

Mbele, kwenye njia panda, alimwona mganga amesimama na buti zake, chetezo kinafuka mkononi, mkono wa pili ameuinua kumsimamisha. Alimwona vizuri kabisa. Aliona hata mdomo wake unavyofunguka kupiga kelele.

Akatia gia ya tano.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama aliporudi nyumbani. Bwana Saa alikuwa langoni, dada yake amemshika mkono. Damu ilikuwa imerudi usoni mwake, macho yalikuwa yake, yale yale ya miaka kumi na tisa, na yalikuwa yanalia. Tangu mchana alikuwa akiita jina la mkewe, wifi angeapa kwa hilo, analiita kama mtu aliyezinduka.

"Mke wangu!" Alijiburura hadi kwenye gari. "Nimerudi, mama. Sijui nilikuwa wapi. Nisamehe. Nisamehe, mke wangu."

Alifungua mlango wa abiria, akajitupa kitini kando yake, akataka kumkumbatia. Harufu ikampata. Akasita. Akatazama kiunoni, akauona mkanda aliokuwa ameukalia, umefungwa. Akamtazama mkewe, nywele zimetimka, mashavu yanawaka, mrembo kuliko siku ya harusi, na wivu ukamchoma mwanamume yule.

"Ulikuwa na nani?" akanong'ona.

Mama Viti hakumgeukia. Mkono wake ulikuwa kwenye gia, injini inaunguruma taratibu, macho yako kwenye barabara ya vilimani.

"Shuka, baba," akasema kwa upole. "Unamkalia."