Mtegemezi Mmoja, Uhusiano: Mke

Kwa mamlaka niliyopewa na cheo cha kiranja wa bweni la wasichana, natangaza rasmi kwamba yafuatayo ni kweli tupu, yamechunguzwa kwa makini na hayana chembe ya uzushi. Cheo chenyewe nilikishika siku tisa tu, nikavuliwa kwa ajili ya chura. Lakini hilo halihusiani.

Mapenzi ya dada yangu yalianza saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa kumi na mbili, watu wakipishana kama siafu. Dada alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na viatu vya visigino vilivyotangaza ujio wake tangu barabarani. Macho alikuwa ameyazamisha kwenye simu. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, naye akaenda moja kwa moja kuingia.

"Dada, simama! Humo hamna lifti!"

Mkono wenye grisi ukadaka mkoba wake kwa nyuma. Dada akatazama mbele: giza, nyaya, na shimo la kumzika mtu na ukoo wake wote. Akapiga yowe, mlinzi akajimwagia chai.

"Alama ya hatari hukuiona?" aliuliza fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu.

"Kama ningeiona, ningekuja kufa?"

"Samahani, nimeuchafua mkoba."

"Umeniokoa roho, halafu unaniomba radhi ya mkoba?"

Basi, yakaanza. Ikatokea kwamba kampuni ya lifti iliyomwajiri fundi ndiyo hiyohiyo iliyompa dada kazi. Dada, akiwa nyumbani, hupanga programu za ofisini, zile ambazo kila kampuni huzikata na kuzishona kwa kipimo chake. Utaalamu wake ni fomu zenye sehemu zinazotegemeana: ukijibu hiki, kinafunguka kile, usipojibu, hukioni ng'o. Somo hilo fundi alilipata kwa simu, kila siku wakati wa chakula cha mchana.

"Sasa mimi, mpenzi, nikichagua 'Ndiyo', kitafunguka nini?"

"Inategemea swali."

"Swali ni kama umenikumbuka."

"Hiyo sehemu imefichwa. Huna ruhusa ya kuiona."

"Ruhusa anatoa nani?"

"Msimamizi wa mfumo."

"Ndiye nani huyo?"

"Ndiye anayeongea, kipenzi. Rudi kazini."

Ikapita miezi mitano ya asali. Kisha kampuni ikataka fomu ya bima ya matibabu kwa wafanyakazi na wategemezi wao. Dada akaipanga vizuri: ukisema mtegemezi wako ni wa kike, inafunguka orodha ya uhusiano, uchague mke, mama, binti au dada. Wafanyakazi wakajaza. Jumatatu dada akaketi kukagua majibu, akafika kwenye mstari wa fundi.

Mtegemezi: mmoja. Jinsia: ya kike. Uhusiano: mke.

Kikombe kilimponyoka. Alisoma mara ya pili, akafuta kioo kwa mkono wa blauzi, akasoma mara ya tatu. Mke alikuwa palepale. Akapiga simu.

"Nyumbani kwako kuna mwanamke?"

Fundi akacheka! "Nani amekwambia? Nilitaka iwe siri mpaka wikendi."

"Siri?"

"Nilipanga nikulete mwonane. Anakusubiri kwa hamu. Kila siku ananiuliza utahamia lini."

"Nihamie?"

"Kwani kuna ubaya? Nyumba inatosha. Tutaishi wote watatu."

"Unampenda?"

"Swali gani hilo, mpenzi? Yule siwezi kumwacha mpaka kufa."

Dada alikata simu, akaizima kabisa. Mtu aliyetaka kuolewa, tena aliyekwishachagua rangi ya gauni, sasa alikuwa mke wa pili bila kuulizwa.

Siku nne hakula cha maana. Siku ya tano akavaa gauni jeusi, akapaka rangi ya mdomo nyekundu kama taa ya kuzuia magari.

"Nisindikize," akaniambia. "Nataka mke mwenzangu anione uso kwa uso."

Aliyefungua mlango alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, sweta la zambarau, jicho moja limefunikwa kwa bandeji.

"Shikamoo. Namtafuta mke wa fundi," dada akasema.

"Marahaba. Ndiye mimi."

Dada akashika ukuta.

"Hospitali ndivyo wanavyosema, mwanangu," bibi akaendelea. "Jana nimepeleka kadi ya bima nipasuliwe jicho. Karani akaniuliza, 'Bibi, mume wako ana miaka ishirini na tisa?' Nikamwambia, huyo nimemzaa mwenyewe. Akamwita mkubwa wake."

Fundi akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Mpenzi! Nimekupigia mpaka vidole vimeota sugu! Jumapili nilipojaza, orodha yako ilinipa neno moja tu: Mke. Nilitafuta Mama, hakuna. Fomu ikagoma kwenda bila jibu. Nikadhani ni mke kama wanavyosema mume na mke, yaani yeyote wa kike."

"Orodha yangu ina maneno manne!"

Akaingia, akatoa kompyuta yake mkobani, akaifungua palepale kwenye kochi. Alama za vema zinazoyaonyesha maneno mama, binti na dada zilikuwa zimeondolewa. Limebaki neno moja. Akazirudisha, na bibi akahama kutoka ndoa kurudi kwenye uzazi.

"Naomba kidogo," fundi akasema. Akaweka mwiko chini, akabonyeza "Ongeza mtegemezi". Jinsia: ya kike. Uhusiano: mke. Kwenye jina hakuandika kitu. Akamsogezea dada kompyuta. "Hapo nimekwama. Nikutumie ikiwa wazi?"

Chozi la dada likateremka mpaka kwenye ule wekundu wa mdomo.

"Haiwezi kwenda wazi," alisema. "Hiyo sehemu ni ya lazima." Akaandika jina lake.

Bibi akapiga vigelegele, na mimi nikashangilia kuliko wote. Kosa kubwa. Dada akanitazama, kisha akafungua kumbukumbu ya mabadiliko.

"Alama ziliondolewa Jumamosi, saa nane mchana. Kwa kompyuta yangu."

"Jumamosi saa nane tulikuwa wote sinema," fundi akasema.

Macho matano yakanigeukia.

Ndiyo, ni mimi. Nilitaka kumwona mkurugenzi wa kampuni akiandika kwamba mama yake ni mkewe. Hata simu zao nazijua kwa sababu dada huziweka spika, ukuta wetu ni wa mbao na sikio langu halina haya. Lakini hayo ni madogo. Mzaha ulichukua dakika mbili. Siku nne dada alilia upande wa pili wa ukuta huohuo, nami nilijua sababu tangu Jumatatu, nikavuta shuka mpaka masikioni, nikanyamaza.