Ndoo ya Jumamosi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuanika dagaa wa bibi juu ya chanja, na kuwatazama samaki watano wa baba. Kazi ya tatu haikuwa kazi. Samaki hao waliishi katika tangi la kioo sebuleni, karibu kabisa na mahali tulipokaa kula. Baba alilibeba tangi hilo kutoka Joni, mji wa mbali alikofanya kazi, siku tatu ndani ya basi, akalikumbatia njia nzima kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kulipakia juu ya paa.

Samaki tuliwavua pamoja penye mawe ya Chikale, ufukweni mwa ziwa letu, likizo yake ilipokaribia kwisha. Wawili walikuwa wa buluu wenye mistari, wawili wa kahawia, na mmoja wa njano. Huyo wa njano baba alimwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa aliwafukuza wenzake kutoka kila pango.

"Tangi hili linaingia ndoo nne," baba aliniambia siku ya kuondoka. "Kila Jumamosi unatoa ndoo moja ya maji, unarudishia ndoo moja ya maji ya ziwa. Si mbili, si nne. Moja. Chakula kiasi cha ukucha wako. Nikirudi Desemba niwakute wote watano, Temwa."

"Utawakuta, baba."

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na bibi, ambaye majirani walimwita NyaMhone. Bibi alikuwa mtu wa adabu za zamani. Kwake yeye, kula huku mtu anakutazama bila kumkaribisha ni sawa na kumtemea mate. Na samaki wale, kila tulipokaa kula, walikuja wote kwenye kioo wakafungua midomo.

"Watazame," bibi alisema, tonge likiwa limesimama hewani. "Ugali hautanishuka hivi."

"Bibi, hao ni samaki."

"Wana macho?"

"Wanayo."

"Basi wanaona." Akamega ugali wa muhogo, akaudondosha tangini.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila mlo bibi alimega, na kila mgeni aliyekula kwetu naye alimega, maana nani atakubali kuonekana mchoyo mbele ya NyaMhone? Ugali wa muhogo hunata. Samaki waliudonoa kidogo, uliobaki ukazama kati ya mawe, ukavimba na kuota manyoya meupe. Niliuona. Nilijua baba alisema ukucha, na hapo palikuwa na ngumi. Nilinyamaza.

Jumamosi nazo zilianza kunishinda. Kutoka ziwani hadi kwetu ni kilima kitupu, na ndoo iliyojaa huvuta shingo. Jumamosi ya kwanza niliiruka nikasema nitafidia. Ya pili niliiruka bila kusema kitu, na zilizofuata vilevile.

Watoto wenzangu walikuwa wakija kutazama. Khumbo, rafiki yangu ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alibandika pua kwenye kioo akacheka.

"Tangi lote hili, samaki watano? Kama kanisa siku ya Jumatatu."

Wote walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka kwa Bwana Zgambo.

Bwana Zgambo alinunua samaki wa rangi kutoka kwa wapiga mbizi, akawafuga katika mabwawa ya saruji, kisha akawasafirisha nchi za mbali ndani ya mifuko ya plastiki. Waliochanika mapezi au kupauka rangi hawakuuzika. Alikuwa na mswaki wa mti mdomoni asubuhi hadi jioni, akiuzungusha kila alipotaka kusema jambo.

"Unataka samaki? Fagia uwanja wangu," aliniambia. "Kila jioni moja, samaki mmoja."

"Tangi langu litawatosha?"

Akauzungusha mswaki. "Hawa ni samaki wa ziwa, binti. Umeona ziwa lilivyojaa? Wanapenda kukaa wengi. Wamezoea."

Dada Lyness, kibarua wake wa kubadilisha maji ya mabwawa, alikuwa akipita na ndoo mbili. Alisimama, akanitazama, kisha akamtazama tajiri wake. Akaendelea na ndoo zake.

Nilifagia jioni kumi na tisa. Miaka mingi imepita, lakini hesabu hiyo sijaisahau, wala vumbi la uwanja ule kooni mwangu. Mtu mzima, tajiri, alimfagisha mtoto jioni kumi na tisa akamlipa kwa samaki aliokuwa karibu kuwatupa. Mimi nikamshukuru, na magoti nikapiga.

Basi tangi likawa na samaki ishirini na wanne. Khumbo hakucheka tena. Kwa wiki moja nilikuwa mtu mkubwa mtaani.

Wiki ya pili maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Juu yake kukawa na utando kama wa uji uliolala, na mapovu yasiyopasuka. Mawe yalivaa ute uliotikisika samaki walipopita. Halafu ikaja harufu. Sijui niielezeje, fikiria maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa, umechanganya na dagaa waliolala mvuani. Ilikaa kwenye mapazia. Ilikaa kwenye sare yangu ya shule.

"Temwa, kaa kule," Khumbo aliniambia darasani, mbele ya watu. "Nyumba yenu inanuka kama mdomo wa mamba, na wewe umekuja nao."

Bibi alihamishia sahani zake jikoni, nje. "Wageni hawa wametufukuza sebuleni," alisema. Lakini kabla ya kutoka aliwamegea.

Siku moja niliingiza mkono nyuma ya jiwe kubwa nikagusa kitu laini. Nilidhani ni ugali. Nilipokitoa, kilikuwa samaki wa kahawia, mmoja wa wale watano. Wenzake walikuwa wamemla macho na nusu ya tumbo. Ngozi ilibaki vidoleni mwangu, ikinata. Nilitapika pale pale sakafuni. Kisha nikamtupa chooni, nikanawa mikono mara tatu, na harufu haikutoka.

Jumapili baba alipiga simu kama kawaida yake.

"Watano wazima?"

"Wazima, baba."

"Ijumaa ijayo nafika. Mwambie bibi yako."

Siku tano. Nilikata simu nikiwa na jasho. Niliamua kufanya usafi, tena usafi wa kweli. Nilimwaga ndoo zote nne. Mawe niliyasugua kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka yakang'aa. Ziwa lilikuwa mbali na bomba lilikuwa karibu, kwa hiyo nilijaza tangi maji ya bomba, yale yenye dawa inayochoma pua. Jioni hiyo tangi lilikuwa jeupe kama dirisha.

"Sasa mtu anaweza kupumua," Khumbo alikiri.

Asubuhi nilikuta matumbo meupe juu ya maji. Nilihesabu kumi na moja. Wale wawili wa mistari walikuwa miongoni mwao. Kati ya watano wa baba alibaki wa kahawia mmoja, na Bwana Mkubwa, ambaye sasa hakumfukuza mtu. Alikuwa amelala ubavu chini ya uso wa maji, mashavu yakifunguka na kujifunga haraka haraka, rangi yake ya njano imekuwa ya kamasi.

Nilikimbia kwa Bwana Zgambo nikilia. Alinisikiliza akizungusha mswaki.

"Kwani kuna shida gani? Chagua wawili wa mistari na wa kahawia mmoja. Fagia mpaka Alhamisi. Baba yako mwaka mzima anatazama magari ya Joni, atajua tofauti ya samaki na samaki?"

Natamani niandike kwamba nilimkatalia. Nilikwenda kuchukua ufagio.

Nilikuwa nimefagia nusu ya uwanja Dada Lyness alipoushika ule ufagio kwa juu. "Tangi lako linaingia ndoo ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nne."

"Na alikupa samaki wangapi?"

"Kumi na tisa. Nilikuwa na watano."

Alifumba macho kidogo. "Nilimsikia siku ile akikudanganya. Nikaiogopea kazi yangu, nikapita. Twende kwenu."

Dada Lyness aliingia sebuleni akasita mlangoni, akafunika pua kwa kitenge. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akauzamisha tangini mpaka kwenye kiwiko. Alitoa bonge la ugali lililokuwa chini ya mchanga, jeusi kwa ndani. Alipolivunja, tuligeuka sote watatu. Bibi alitema mate dirishani.

"Nani analisha haya?"

"Mimi," bibi alisema. "Wananitazama nikila."

"NyaMhone, samaki mdogo kama huyu tumbo lake ni kama jicho lake. Unachomkaribisha kinaoza, naye anakivuta puani usiku na mchana. Hana dirisha la kufungua. Wewe ulipoona kunanuka ulihamia jikoni. Yeye ahamie wapi?"

Bibi aliinama akatazama tangini.

"Na mavi yao je?" Dada Lyness alinigeukia. "Watano wanakunya kiasi ambacho ndoo moja kwa wiki inakiondoa. Ishirini na wanne, hata ukibeba ndoo kila siku hufiki. Halafu ule ute mwembamba wa mawe ulikuwa na vijidudu vinavyokula uchafu. Umevisugua kwa sabuni. Dawa ya bombani imemaliza vilivyobaki, ikawachoma na samaki mashavu. Baba yako alikuambia nini?"

"Ndoo moja."

"Ulibeba ngapi?"

Nilitazama chini. "Tangu Septemba, hata moja."

Tuliwatenga samaki kumi wa Zgambo waliobaki. Nilitaka tuwaachie ziwani, Dada Lyness akakataa. "Hawa wametoka kwenye mawe ya mbali, si wa huku. Tutawaharibia wenyeji. Warudi bwawani kwao." Akawabeba kwa ndoo mpaka uwanjani kwa tajiri wake, mimi nikimfuata nyuma.

"Nani amekuambia urudishe?" Bwana Zgambo aliuliza.

"Mtoto huyu amekufagilia jioni kumi na tisa, bwana. Tunaweza kwenda kwa chifu akatuambia malipo yake ni nini."

Mswaki ulisimama. Bwana Zgambo aligeuka akaingia ndani. Dada Lyness aliwamimina samaki bwawani.

Siku zilizobaki nilishuka ziwani kila alfajiri. Niliosha sabuni yote iliyobaki kwenye mawe, kisha nikatoa ndoo moja, nikarudisha ndoo moja, polepole. Siku mbili samaki hawakupewa kitu. Bibi alipotaka kula sebuleni, alitundika kitenge mbele ya tangi. "Asiyeona hatamani," alisema, akala kwa amani. Alhamisi jioni Bwana Mkubwa alimfukuza yule wa kahawia pangoni. Nililia, safari hii bila kelele.

Baba alifika Ijumaa saa tisa. Hakuomba hata maji ya kunywa. Aliweka begi chini akachuchumaa mbele ya kioo, na kidole chake kikahesabu: mmoja, wawili. Kidole kikabaki hapo.

Nilimweleza yote: Jumamosi nilizoziruka, ugali, jioni kumi na tisa, choo, simu ya Jumapili, na ufagio niliouchukua mara ya pili. Nilidhani atanipiga.

"Huyo Zgambo," aliuliza baadaye, "ulipomuuliza kama watatosha, alisemaje? Neno kwa neno."

"Alisema wanapenda kukaa wengi. Wamezoea."

Baba aliketi sakafuni. Bibi akamwita jina lake.

"Joni tunaishi wanaume kumi na wanne chumba kimoja," alisema. "Choo kimoja, na hakina mlango. Ukuta wake unatoa majimaji ya kijani. Mwaka huu wawili wamekufa kwa kifua, na mmoja alilala pembeni yangu. Tulipokwenda kwa mwenye nyumba, alicheka. Alisema watu wa Malawi wanapenda kukaa wengi, wamezoea."

Bibi aliweka mkono mdomoni.

"Nisikilize, Temwa. Hakuna kiumbe anayezoea uchafu wake. Anakufa polepole, na anayefaidika huita kufa huko mazoea. Ukiambiwa hivyo tena, na utaambiwa, uliza anayesema analala wapi. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni yako. Zgambo alikudanganya mara moja. Mimi umenidanganya kila Jumapili. Ungeniambia siku ya ndoo ya kwanza uliyoiruka, watano wangekuwa hai. Uchafu ukiufunika haupungui, unaoza."

"Nisamehe, baba."

"Nimesamehe. Wawili wanatosha mpaka ujue kuwatunza."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba alinitangulia kushuka kilima mpaka ziwani, akakaa juu ya jiwe akaningoja nijaze ndoo. Nilipojitwisha alisimama, akanifuata nyuma njia nzima. Hakunisaidia kuibeba.