Kadi Yenye Feni

Sanduku la kioo lilikuwa likiwaka rangi zote za upinde wa mvua, na yule dada alisimama mbele yake mdomo wazi, mkoba ameubana kwapani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na jengo la maduka ya kompyuta lilifurika watu. Spika zilishindana kwa kelele, na kila mtu alikuwa na haraka isipokuwa yeye. Alivaa gauni la kijani lililonyooka mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Si ajabu, kwani kupiga pasi ndiyo kazi yake, katika duka la dobi karibu na uwanja wa ndege.

"Hilo usinunue," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, bisibisi imechomoza kwenye mfuko wa shati, amekumbatia kibodi nne kama mtu aliyebeba kuni.

"Mwenye duka atakusikia."

"Mwenye duka ni dada yangu. Ananisikia kila siku na bado hajanifukuza." Akacheka. "Hapo utalipia taa. Unataka kompyuta ya kufanyia nini?"

"Ya kurushia ndege."

Kijana hakucheka tena, na hilo likampendeza, maana wote aliowaambia kabla yake walicheka.

"Za vita au za abiria?"

"Za abiria. Tena mimi shida yangu si kuruka. Nataka kutua."

Fundi, maana ndivyo kila mtu alivyomwita pale dukani, akaweka kibodi chini. "Basi sikiliza. Ndani ya kompyuta kuna mchoraji. Ukigeuza ndege kidogo tu, anafuta dunia unayoiona, anaichora upya. Mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Mchoraji akiwa mvivu, ndege inakwenda kwa kurukaruka kama chura."

"Anachora kila jengo? Kila wingu?"

"Kila wingu."

"Mungu wangu," akanong'ona dada yule, akalitazama lile sanduku kama mtu anayetazama mlango wa nyumba takatifu. Halafu akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. "Na hii kumbukumbu?"

"Ya kushikia mambo wakati unafanya kazi. Hapo usikubali chini ya giga kumi na sita. Ukizima, inasahau yote."

"Basi hiyo si kumbukumbu."

Fundi alikuwa ameuza kompyuta miaka mingi, na hakuwahi kuliwaza hilo.

Alimpeleka nyuma ya duka, kwenye sanduku jeusi lililotoka ofisini, halina taa wala kioo. "Huyu sura hana. Lakini tumbo lake kubwa, na umeme wake unatosha kubeba mzigo. Mchoraji aliyemo ni wa kubabaisha, sikufichi. Yule wa kwenye kioo naye ni huyuhuyu, kavalishwa tu. Anza na huyu. Siku ukijaliwa, tunamtoa, tunaweka mwingine. Ungenunua lile la taa, ingebidi ubadilishe hata boksi lake la umeme."

Pesa zilizokuwa kwenye bahasha ndani ya mkoba wake zilitosha, na nauli ikabaki.

Fundi mwenyewe alikwenda kuifunga. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na dada huyo aliishi na shangazi yake, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyeketi kitini kama jaji.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemuuzia mwanangu televisheni isiyo na taarifa ya habari?"

Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa koti la rangi ya chungwa, mikononi ameshika vibao viwili vyekundu. Fundi aliitazama kwa muda.

"Ni baba," akasema yule dada. "Alikuwa anaongoza ndege zikitua, zikae mahali pake. Tangu sijazaliwa mpaka alipofariki mwaka jana. Hakuwahi kupanda hata moja." Akainua mikono yote miwili juu, akaikunja na kuikunjua taratibu. "Hivi ni njoo, njoo." Kisha akaipishanisha juu ya kichwa kama mkasi. "Hivi ni umefika, zima injini. Alinifundisha nikiwa mdogo. Mimi namwona hivi, kutoka chini. Nataka kujua wale wa juu walikuwa wanamwonaje."

Shangazi alijifanya anatafuta miwani yake.

Siku hiyo waliruka. Mji ulionekana kama viberiti vilivyopangwa juu ya matope, na ndege ilisitasita angani, lakini dunia ilipoinama dirishani yule dada alishika meza kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Walipotua, alitazama kushoto na kulia. Uwanja ulikuwa mtupu.

"Watu wako wapi?"

"Nimemzuia asiwachore," Fundi akasema kwa upole. "Huyu mchoraji tukimwongezea watu, atakwama. Vumilia."

Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Rubani wangu, umefika wapi?" Fundi angeuliza, maana ndivyo alivyomwita sasa.

"Nimeanguka mtoni."

"Pole! Na abiria?"

"Nilikuwa peke yangu. Nani apande na mtu kama mimi?"

"Mimi ningepanda. Ila nitakuja na boya."

Yule dada alicheka mpaka akaunguza kola ya shati la rubani wa kweli, na bosi wake akamuuliza kama pasi siku hizi inachekesha. Fundi akawa anapita kwa dobi kila jioni na shati moja lililo safi tayari. Wakawa wanatembea hadi uzio wa uwanja wa ndege, wanasimama bega kwa bega chini ya matumbo makubwa ya ndege. Hapo ndipo Fundi alipomshika mkono mara ya kwanza, ngurumo ikipita juu yao.

Siku moja Rubani alipokwenda dukani kwa Fundi, aliona rundo la kadi za harusi juu ya kaunta, zimefungwa utepe wa dhahabu. Fundi aliyasogeza maboksi yake pembeni. "Mwezi ujao kwetu kuna harusi," akasema, akaendelea kufunga skrubu. Hakusema ya nani. Yeye naye hakuuliza, lakini chai aliyopewa ilimshinda.

Wiki ile ile, ujumbe wa Fundi ukaingia wakati Rubani akila na shangazi yake: *Kadi yako imefika. Jumamosi nakuletea mwenyewe.*

Shangazi alimwona alivyobadilika rangi, akamnyang'anya simu, akasoma, akairudisha mezani polepole.

"Mwanangu, nikwambie neno moja tu. Mwanamume akikuletea kadi, ujue harusi si yako."

Simu ikaita. Ikaita tena. Mara ya tatu akapokea.

"Rubani, mbona kimya? Umeona ujumbe? Nimeitafuta wiki nzima, sijalala vizuri!"

"Hongera."

"Hongera ya nini?"

"Usijisumbue kuja." Akakata. Kompyuta aliifunika kanga, kama kioo cha nyumba yenye msiba.

Jumamosi Fundi akaja hivyo hivyo, shati limekunjamana, boksi mkononi. Shangazi akasimama mlangoni, akaujaza.

"Kadi iweke hapo mezani. Tukijaliwa tutakuja."

"Mtakuja wapi, Shangazi? Hii lazima niingie niifunge."

"Uifunge wapi?"

Fundi, jasho likimtoka, akafungua boksi hapo hapo. Kikatoka kitu cheusi, kizito kama tofali, chenye mapangaboi mawili madogo. Shangazi akainama, akakitazama huku na huku.

"Hee! Harusi ya watu gani hii, kadi ina feni?"

Rubani akatokea nyuma yake.

"Ni mchoraji," Fundi akamwambia yeye, si mwingine. "Sisi mafundi tunamwita kadi. Nimezoea, nikasahau kwamba kwako nilimwita mchoraji. Nimempata wa mtumba, mzima kabisa. Ni kwa ajili ya wale watu uwanjani."

Rubani akaanza kucheka, akaziba uso kwa mikono, na haikujulikana sawasawa kama bado anacheka.

Bisibisi ilifanya kazi. Kanga ikaondolewa. Ndege ikaruka, na safari hii mji ulikuwa mji: mabati yaking'aa baada ya mvua, miti yenye vivuli, na karibu na uzio paa dogo ambalo lingeweza kuwa la dobi. Mawingu yalifunguka, njia ya kutulia ndege ikaja mbele yao imelowa mwanga, magurudumu yakagusa. Rubani akaipeleka ndege taratibu mpaka mwisho wa mstari wa njano.

Hapo, mdogo kama kidole, alisimama mtu mwenye koti la rangi ya chungwa. Akainua vibao viwili. Njoo. Njoo. Ndege kubwa yote ile, na mbawa zake zote, ilimfuata yeye tu.

"Kaka," Shangazi akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo.

Yule mtu akapishanisha mikono juu ya kichwa. Rubani akazima injini.

Jua lilikuwa linashuka Rubani alipomsindikiza Fundi nje. Akamweleza maneno ya shangazi yake, na Fundi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akatoa mfukoni kadi ya karatasi yenye utepe wa dhahabu.

"Hii ya kweli. Dada yangu anaolewa. Anakualika wewe na Shangazi."

"Haya, asante."

"Ila ya kwangu sikupi."

"Ya kwako ipi? Kwa nini?"

"Si Shangazi amesema? Nikikuletea kadi, harusi si yako." Hakuwa anacheka tena. "Basi ya kwangu sitakuletea, Rubani. Ukikubali."

Rubani alirudi nyuma hatua kadhaa, mpaka katikati ya njia. Akainua mikono yote miwili. Njoo. Njoo. Fundi akaja, taratibu, macho hayabanduki kwake. Alipofika mbele yake kabisa, Rubani akaipishanisha mikono juu ya kichwa, umefika, akaiacha hapo.