Kilomita ya Sita

Maganga Mboje alikiona kiatu kwanza. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23 Juni, saa moja na robo asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito kwenye njia ya vumbi nyuma ya Milanzi, mtu haoni hatua tano mbele yake. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa kuelekea mjini. Kiatu kilikuwa cha mazoezi, cha rangi ya machungwa, na ndani yake mlikuwa na mguu.

Aliitupa baiskeli akashuka mtaroni. Mwanamke alikuwa amelala kifudifudi. Alipomgeuza uso, akamtambua, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akapiga simu polisi, akabaki pale pale akifukuza mbwa wasimsogelee, huku maziwa yake yakimwagika barabarani.

Mkaguzi Msaidizi Happy Lwitiko alifika saa mbili kasoro kumi akiwa na Konstebo Jafeti. Yeye pia hakuhitaji kuambiwa jina. Marehemu alikuwa Debora Bundala, mwalimu wa hesabu, umri wa miaka thelathini na minne. Yeye na Happy walikuwa kwenye Pumzi Moja, kundi la WhatsApp la wakimbiaji wa Sumbawanga. Humo watu walitumiana picha za mazoezi, umbali waliokimbia na maneno ya kutiana moyo. Happy alijiunga mwezi Machi alipohamishwa kutoka Mbeya, na alikuwa hajawahi kuvuka kilomita tatu. Kila alipotuma matokeo yake, Debora alikuwa wa kwanza kumjibu: "Safi sana, dada. Kesho ongeza mia mbili tu."

"Gari?" Jafeti aliuliza.

"Gari lingemvunja miguu. Hapa kuna pigo moja tu, nyuma ya kichwa. Na hakuna alama ya breki."

Simu ya marehemu haikuwepo. Kwenye mfuko wa jaketi lake Happy alikuta spika za masikioni, waya wake umeviringishwa vizuri na kufungwa.

"Hakuvamiwa akiwa anakimbia," alisema. "Alisimama, akazivua, akazikunja. Alikuwa anaongea na mtu."

Simu ya Happy ilitetemeka mfukoni. Ilitetemeka tena. Kundi lilikuwa limeamka kama kila siku, halijui lolote. Baltazari, muuza vipuri vya baiskeli sokoni, alikuwa ametuma ramani ya mbio zake saa moja na dakika tano: kilomita saba, njia ya Milanzi. Saa moja na dakika ishirini kocha wao, Abel, mwenye duka la dawa za mifugo, alikuwa ametuma picha yake akiwa upande mwingine kabisa wa mji: "Km 10, njia ya Mpui, kwenye daraja. Nani ananifuata?" Alikuwa anacheka. Nyuma yake mahindi makavu yalisimama hadi usawa wa mabega yake, na juu kulikuwa na anga la buluu. Chini ya picha watu walikuwa wamemwaga alama za ngumi na moto.

Happy aliirudisha simu mfukoni. 

Saa nne asubuhi Maganga alikuwa kituoni, na mambo yake hayakuwa mazuri. Majirani wawili walisema kwamba Jumamosi jioni Debora alikwenda nyumbani kwake, na Maganga akamfokea mpaka akaondoka.

"Mlikuwa mnagombania nini, kaka Maganga?"

"Mambo ya nyumbani kwetu, afande."

"Mwalimu aliyefokewa Jumamosi, Jumatatu amekufa. Aliyemfokea ndiye aliyemkuta. Hayo si mambo ya nyumbani tena."

Maganga alitazama sakafu. Alikuwa mtu mrefu, na kiti kilikuwa kifupi kwake. "Kama ningemuua," alisema, "ningewapigia simu ya nini?"

Zaidi ya hapo hakusema. Happy alitoka akazunguka jengo la kituo mara mbili. Upepo wa Ufipa ulikuwa umeshaufagia ukungu, na vumbi lilimwingia machoni. Jafeti alimfuata na simu aliyoiacha mezani, Pumzi Moja ikiwa wazi.

"Afande, ona hii. Baltazari alimwandikia marehemu kundini jana jioni: 'Kesho Milanzi nakuacha nyuma, utalia.' Na leo kwa mdomo wake mwenyewe anasema alikuwa njia hiyo hiyo, saa hiyo hiyo."

Baltazari waliyemkuta sokoni hakufanana na mtu aliyekimbia kilomita saba. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake.

"Ulikutana na Debora saa ngapi leo?" Happy aliuliza.

"Sikukutana naye."

"Ramani yako inapita alipolala."

Baltazari alianza kutokwa jasho, baridi yote ile. "Afande, hata ningekuwepo asingesimama. Debora hamvulii mtu spika. Mimi nimesalimia mgongo wake mwaka mzima. Anayemsimamisha ni kocha peke yake."

"Nimekuuliza kuhusu ramani."

 Baltazari akapandisha suruali yake hadi juu ya goti. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

"Wiki mbili sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Leo saa moja nilikuwa hospitali kwenye foleni, nesi atakwambia. Ile ramani ni ya mwezi uliopita."

"Kwa nini uitume?"

"Kwa sababu ukinyamaza siku tatu, watu wanakusahau. Mke wangu alipoondoka, lile kundi ndilo lililokuwa linaniamsha asubuhi. Baltazari kaza, Baltazari twende. Niwaambie nini, kwamba nimekaa kwenye kreti? Unachukua picha ya zamani unatuma. Nani ataangalia?"

Jafeti aliandika. Nesi alithibitisha kwa simu: Baltazari alikuwa kwenye foleni tangu saa kumi na mbili na nusu.

Happy alirudi kituoni bila kula. Swali moja lilikuwa linamsumbua. Debora alikimbia njia ile mwaka mzima bila kugombana na mtu yeyote. Kwa nini Jumamosi aende kwa Maganga?

Safari hii alivuta kiti akakaa karibu naye, bila daftari.

"Sikuulizi mligombana nini. Nakuuliza mwalimu alikuja kutafuta nini."

Maganga aliinua uso. "Alikuja kuuliza habari za baba."

Happy alikumbuka jalada lile. Mzee Mboje aligongwa na gari njia ya Milanzi alipokuwa akipeleka ndama malishoni, tarehe 31 Mei, na dereva akakimbia. Hakuna shahidi aliyepatikana.

"Aliuliza siku na saa. Nikamwambia ni Jumamosi, kama saa moja asubuhi. Akauliza kama baba alikuwa na kofia nyekundu. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia, mwalimu, bado tunalia hapa, wewe unakuja kupekua msiba wetu? Nikamfukuza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikumuuliza alijuaje habari ya kofia."

Happy alifungua Pumzi Moja, akarudi nyuma wiki tatu, akipita mamia ya ngumi na moto, hadi tarehe 31 Mei. Debora alikuwa ametuma picha saa moja na dakika nane: "Km 6! Leo sijasimama hata mara moja." Uso wake ulijaza nusu ya picha. Chini yake watu kumi na tisa walikuwa wamempongeza, na Happy alikuwa mmoja wao.

Aliikuza picha. Nyuma ya bega la Debora, mbali, pikapu nyeupe ilikuwa imesimama kando ya njia, taa moja tu ikiwaka. Mtu alikuwa ameinama mtaroni. Karibu na miguu yake kulikuwa na kitu kidogo chekundu. Na kwenye mlango wa pikapu kulikuwa na mchoro wa kichwa cha ng'ombe, nembo ya duka la Abel.

"Mungu wangu," Jafeti alisema. "Kocha. Lakini leo asubuhi alikuwa njia ya Mpui."

"Picha yake ndiyo iliyokuwa njia ya Mpui."

"Kweli, anga lilikuwa la buluu na huku ukungu."

"Atasema kule hakukuwa na ukungu, na hatuwezi kumbishia. Nataka kitu asichoweza kukijibu."

Kesho yake saa mbili asubuhi Happy alisimama kwenye daraja la kilomita ya kumi. Mzee mwenye shamba, Felisian, alikuwa anafunga mabua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Happy alimwonyesha picha ya Abel kwenye simu, akamwambia inasemekana ilipigwa jana asubuhi. Mzee aliisogeza mbali na macho yake, akaitambua. "Ni hapa hapa. Lakini si ya jana hii."

Alipomaliza kumsikiliza, Happy alimpigia Jafeti. "Nenda na kibali dukani kwa Abel. Upekue duka na pikapu. Mimi nitampigia aje huku."

Abel alikuja na bodaboda saa nne na nusu, amevaa jezi ya kundi. Macho yake yalikuwa mekundu, na wekundu wake haukuwa wa kuigiza. Alikuwa amekesha akipokea simu za wakimbiaji na kuwafariji.

"Afande Happy, pole na kazi. Tumepoteza mtu."

"Pole na wewe, kocha. Nataka kujua kila mmoja wetu alikuwa wapi jana. Wewe ulikuwa hapa?"

"Hapa hapa darajani. Saa moja na dakika ishirini, kundi zima linajua."

"Naomba usimame pale ulipopigia picha."

Abel alipita ukingo wa daraja, akageukia barabara, na hapo akasita. Upepo ulikuwa unavuma bila kizuizi kutoka milima ya Mbizi hadi miguuni pake. Shamba lilikuwa tupu. Mabua yalikuwa yamelala chini, mafungu kwa mafungu.

"Mahindi yako wapi, kocha?"

"Watakuwa wamekata jana mchana."

"Mzee Felisian, mlikata lini?"

"Jumamosi," mzee alisema. "Vijana walianza asubuhi, saa nane mchana walikuwa wamemaliza. Jumapili hapakuwa na bua lililosimama."

"Jumatatu umepiga picha mbele ya mahindi yaliyokatwa Jumamosi," Happy alisema. "Ile picha ni ya zamani. Jana asubuhi ulikuwa Milanzi."

"Happy, mimi ndiye niliyemfundisha yule dada kukimbia! Alipofiwa na mtoto wake alikuwa hatoki ndani. Nani alimtoa? Nimuue kwa lipi?"

Happy alimwonyesha picha nyingine, ile ya tarehe 31 Mei, iliyokuzwa. Pikapu. Kichwa cha ng'ombe. Kofia nyekundu.

Abel aliinama kuitazama. Wakati huo simu ya Happy iliita, na Jafeti aliongea kwa nguvu kiasi kwamba wote wawili walimsikia: simu ya Debora ilikuwa ndani ya kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, na spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti cha pikapu, imeoshwa, lakini damu imebaki kwenye tundu.

Abel alikaa chini kwenye mabua.

"Aliiona Ijumaa," alisema. "Alikuwa anakusanya picha zake za miezi mitatu, aone amepungua kiasi gani. Akanitumia mimi peke yangu. Hakutukana. Aliandika, kocha, nenda kituoni mwenyewe. Nakupa mpaka Jumatatu. Ukiogopa, nitakusindikiza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwomba anisubiri mpaka mbio za Julai ziishe. Akakataa. Akasema familia ya yule mzee haijui hata wamchukie nani. Jana nilimngoja kilomita ya sita. Aliponiona alifurahi, Happy. Alidhani nimekuja tuende pamoja kituoni. Alizikunja zile spika akasema, umefanya vizuri, kocha, twende. Akatangulia."

 Mzee Felisian alivua kofia yake.

"Na Mzee Mboje?" Happy aliuliza. "Kwenye picha umeinama. Ulimkuta amekufa?"

Abel alitikisa kichwa. "Alikuwa anapumua. Alinishika mkono. Nilijiambia kwamba mtu mwingine atapita." Alianza kulia kwa sauti. "Watu tisini wananiita kocha. Nilishindwa kuwa mtu mwingine mbele yao."

Happy alimfunga pingu mwenyewe.

Alasiri ya siku hiyo alimrudisha Maganga kwao kwa gari la polisi. Njiani alimweleza yote, kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu hakujua namna nyingine. Walipofika, Maganga hakushuka.

"Baba alikuwa hai alipoachwa?"

Happy angeweza kusema hajui. "Alikuwa hai," alisema.

Maganga alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nje, ng'ombe walikuwa wanarudi, na mbwa wakaanza kubweka kwa furaha walipomnusa.

"Yule mwalimu nilimfukuza pale mlangoni," alisema. "Hakunijibu hata neno. Alisema tu, nisamehe, akaondoka." Akamgeukia Happy. "Msiba wake uko wapi?"

"Laela, kwa wazazi wake. Wanazika kesho saa saba."

Maganga alifungua mlango, akashuka, akasimama akiwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa utaratibu, mpaka wa mwisho alipoingia zizini.

"Waambie wasinunue nyama," alisema.