Kufuli la Pili

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linalowatisha watu wakisimuliwa. Hakukuwa na ndoto mbaya, hakukuwa na bundi, wala hakujikwaa mguu wa kushoto. Sindano aliamka, akamwogesha mtoto wake wa miezi mitano, akamnyonyesha huku bado anajifunga kilemba, akamkabidhi kwa mama mkwe wake, wakakubaliana kama kila siku kwamba saa nne kamili bibi amlete mjukuu wake kwenye geti la kazini, anyonye, arudishwe nyumbani. Halafu akaenda kazini kwa miguu huku anatafuna kiazi cha jana.

Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kiwandani. Kiwanda kilitengeneza chakula cha kuku, na katikati yake palikuwa na mashine ya kuchanganyia, pipa refu la chuma lililolazwa, ndani yake mhimili wenye mapanga ishirini na nne yanayozunguka na kukoroga pumba, mashudu na molasi. Sasa molasi hugandana. Kila wiki lazima mtu aingie akwangue, na mlango wa kuingilia ulikuwa mpana kama ungo, na wanaume wa pale wote wana vitambi. Akaingia yeye, akiwa amejifungua juzijuzi tu lakini mwembamba vilevile. Wakasema huyu ni sindano, hata kwenye tundu la kufuli anapita.

Kuingia kulikuwa na sheria, na mlinzi wa sheria alikuwa fundi wa umeme, mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Fundi tu. Swichi kuu iliyo ukutani ishushwe. Anayeingia atundike kufuli lake kwenye mkono wa swichi ili usiweze kupandishwa, kufuli lenye kibati cha jina lake, na ufunguo auvae shingoni. Asaini daftarini saa ya kuingia. Akitoka, alifungue mwenyewe, asaini saa ya kutoka. Aliyefunga ndiye afungue, hata mwenye kiwanda hana ruhusa ya kumfungulia. Na hapo Fundi bado hakuridhika. Alitoa upepo kwenye mabomba mpaka yakaacha kufoka, akapachika kabari ya mti chini ya ncha ya mhimili iliyotokeza nje ya pipa, usijizungushe kwa uzito wake. Alikuwa na msemo wake, kwamba kuzima si kuua.

Kisha kabla ya kuwasha alihesabu kwa sauti. Makufuli mangapi, watu wangapi. Vijana walimtania kwamba anahesabu kama mtu mwenye vifaranga na mwewe yuko juu.

Ila kulikuwa na siku ambazo hesabu ilizidi. Ameingia mtu mmoja, makufuli ni mawili. La pili dogo, la shaba, limechakaa, halina kibati. Wafanyakazi wa zamani walilijua, ingawa hawakupenda kulizungumza. Lilifanana na la yule kaka aliyekuwa akikwangua kabla ya Sindano. Miaka mitatu nyuma watu wenye haraka walimkatia kufuli, wakidhani amekwenda nyumbani, wakawasha. Hakuwa amekwenda nyumbani.

Fundi akilikuta kufuli lile hakuligusa. Alivuta stuli, akakaa, akasema taratibu kama anayeongea na mgeni aliye chooni, "Tumekuona, kaka. Chukua muda wako." Akanywa chai yake. Akigeuka, kufuli halipo. Ndipo alipowasha.

Sindano alisimuliwa hayo wiki ya kwanza. Alicheka mbele za watu, kisha usiku wa siku hiyo akalala taa inawaka. Lakini kazi ni kazi, na mtoto hanyonyi hofu.

Basi siku hiyo saa mbili na nusu alisaini, akafunga kufuli lake, akaingia. Fundi alihakikisha kila kitu, akamwambia anavuka uwanja kwenda stoo kutafuta mkanda wa mashine, atakawia kurudi, na yeye akimaliza atoke asimsubiri. Sindano akatambaa mpaka mwisho kabisa wa pipa, kule ambako molasi huwa ngumu kama jiwe, akaanza kukwangua. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Tochi yake ilikuwa imefifia, betri za wiki iliyopita. Chumba cha pili mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na ndani ya chuma kile ngurumo ilikuwa inamwingia mpaka kwenye meno.

Alijua saa bila kuangalia saa. Kifua kilianza kumuuma, maziwa yakajaa, yakaanza kumchirizika ndani ya ovaroli. Inakaribia saa nne. Mtoto yuko njiani. Akasema akwangue kipande hiki kimoja, cha mwisho, halafu atoke.

Hapo mlango ukafungwa.

Kwanza alidhani ni upepo. Halafu akasikia komeo linasukumwa, na sauti ya msimamizi wa zamu. Huyu walimwita Fasta, kwa sababu neno hilo alilitumia hata msibani. Magari matatu yalikuwa yanasubiri mzigo tangu asubuhi. Fasta aliita, "Sindano!" mara moja tu. Sindano akaitika kwa nguvu zake zote. Mashine ya kusaga ikameza ule wito. Akamsikia Fasta akicheka na mtu, anasema saa nne hii huyo yuko getini ananyonyesha, kaacha kufuli kama kaacha kanga kambani.

Swichi ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye pipa. Sindano akagonga chuma kwa kikwanguo. Akagonga. Akaita jina la Mungu, akamwita Fundi, akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Vumbi la pumba likamjaa kooni, sauti ikakatika.

Kisha akasikia chuma kinakatwa. Tak.

Aliijua. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Ilikuwa sauti ya mkasi wa nondo, na kilichokatwa ni kufuli lake.

Akasikia na kabari inang'olewa. Mhimili ukajitikisa. Mapanga yakasogea upana wa kiganja, yenyewe, kwa uzito wa molasi, moja likamlalia mgongoni na kutulia hapo. Hakuweza kwenda mbele. Hakuweza kurudi. Tochi ikazimika.

Maziwa yalikuwa yanamtoka. Mtoto sasa atakuwa getini. Atakuwa analia.

Akanyamaza, asikilize mkono wa swichi ukipandishwa.

Badala yake alisikia kitu kingine. Upande wa pili wa pipa, kule mlangoni, ndani. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Mtu alikuwa anakwangua.

Hakukuwa na mtu mwingine mle. Pipa halipiti wawili. Lakini mkwaruzo ulikuja, polepole, panga kwa panga, kama mfanyakazi asiye na haraka, mpaka ukafika miguuni kwake. Ukakoma. Akasikia pumzi. Si ya kwake. Ya kwake alikuwa ameishika.

"Dada." Ilikuwa sauti ya mwanamume, ndogo, yenye vumbi. "Umehesabu?"

Sindano akakishika kikwanguo kwa mikono miwili.

"Makufuli ni mawili. Wamekata moja." Pumzi ikasogea. "Ukitoka, nitoe na mimi."

Angeweza kukataa? Mama mwenye mtoto getini, panga mgongoni, angesema nini? Alisema, "Nitakutoa."

"Apa kwa mtoto."

"Naapa kwa mtoto wangu, nitakutoa."

Uzito ukaondoka mgongoni.

Halafu ghafla palikuwa na kelele nje, sauti ya Fundi aliyerudi kutoka stoo, akifoka kwa hasira, komeo linavutwa, mwanga. Sindano alitambaa kuelekea ule mwanga kama mtoto anayezaliwa, mikono ya mzee ikamshika makwapani ikamvuta nje. Alianguka sakafuni, akakohoa, akanyanyua macho.

Fasta alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, mkasi wa nondo mapajani. Meno ya mkasi huo yalikuwa yamevunjika yote mawili. Pembeni yake kufuli la Sindano, limekatwa, kibati chenye jina lake kinang'aa. Na kwenye mkono wa swichi, kufuli dogo la shaba limeshika vilevile.

"Nimelikata mara nne," Fasta alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu. Siku hiyo hakusema fasta.

Fundi aliwaambia wote warudi nyuma, waliache, litajiondokea. Akavuta stuli. Lakini Sindano alikuwa na kiapo shingoni pamoja na ufunguo, na alikuwa ameapa kwa mtoto. Kabla mzee hajakaa, aliuchomoa ufunguo wake, ule wa kufuli lililokatwa, akautia kwenye lile la shaba. Ukaingia. Akazungusha. Likafunguka bila mlio, kama limetiwa mafuta asubuhi.

Hewa ya baridi ilitoka kwenye mlango wa pipa, ikampita usoni, ikaelekea nje uwanjani.

Fundi aliiacha stuli yake. Akanong'ona, "Binti yangu, umefungua kufuli la nani?"

Sindano alisaini daftari, saa nne na dakika ishirini, jina likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza, lakini alisaini. Fundi mwenyewe alishuhudia. Kisha akakimbia getini.

Mama mkwe alikuwa amesimama juani, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Sindano akamweka kifuani. Mtoto akanyonya, akaachia, akanyonya tena, akalia. Ovaroli ilikuwa imekauka. Titi la kushoto, la kulia, yote mawili yalikuwa mepesi, kama ya mwanamke ambaye hajawahi kuzaa. Mama mkwe akasema ni mshtuko, mwanangu, yatarudi ukinywa uji.

Hayakurudi.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuja nyumbani, amekumbatia madaftari mawili kama mtu aliyebeba msiba. Hakutaka hata maji. Alifungua kwanza la zamani, la miaka mitatu iliyopita, ambalo alikuwa amelifungia kabatini. Kwenye mstari wa yule kaka, nafasi ya kutoka ilikuwa tupu miaka yote hiyo. Sasa ilikuwa imejazwa. Saa nne na dakika ishirini. Na sahihi.

Halafu akafungua la sasa. Mstari wa Sindano. Kuingia, saa mbili na nusu. Kutoka, hakuna.

Sindano alimkumbusha kwamba alisaini mbele yake. Mzee akakubali, akasema ndiyo maana hakulala. Akampa kalamu. Akasaini upya, kwa kukandamiza, mama mkwe akiangalia juu ya bega lake, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Wino ukakaa. Fundi akaondoka nalo.

Siku ya pili akarudi nalo. Nafasi ilikuwa tupu, hata tundu la kalamu halikuwepo.

Amesaini mara kumi na moja mpaka sasa. Kiwandani hakwenda tena, na mashine ile Fundi amekataa kuiwasha. Fasta naye hamsukumi. Mkono wa swichi uko chini, na juu yake, kila asubuhi, limetundikwa kufuli. Si la shaba. Ni lenye kibati cha Sindano.

Mtoto ananyonya chupa na ameanza kunenepa. Sindano humlaza, hukaa karibu naye, na wakati mwingine mama mkwe humkuta amekunja mgongo kama aliyelaliwa na kitu, anakwangua ukingo wa kitanda kwa kucha, taratibu, bila kujua.

Jana Fundi alilileta daftari kwa mara ya kumi na mbili. Alilifungua, akaweka kidole kando ya ile nafasi ya kutoka. Wino hakuna. Ila karatasi ilikuwa imelowa, doa dogo la mviringo, na mama mkwe alipoinama kulinusa aliinuka haraka, akamchukua mtoto na kumkumbatia.

Yalikuwa maziwa. Na bado yalikuwa ya moto.