Libaya Yenye Majina Mawili

Soko la Mushaki lilijaa siku ile mpaka ng'ombe wakangoja zamu ya kupita. Annonciata alikuwa mlangoni pa kibanda chake cha kushona, pikipiki ilipomrushia tope kwenye kikwembe kipya, kitenge alichojifunga. Mwendeshaji akashuka: shati la bluu, miwani ya jua, meno yote nje.

"Dada, pole. Nikufulie ao nikuoe?"

"Anza na kufua."

Akafua kweli, soko zima likitazama. Ndivyo Straton, mchuuzi wa njia ya Walikale, alivyoingia moyoni mwake.

Libaya za Annonciata, zile blauzi za kuvalia kikwembe, zilisifiwa hata na mawe ya Masisi. Kila mshono aliupa jina, akawashonea wateja wake wa zamani wachache, kisha akaufunga, asiushone tena. Mwaka huu ulikuwa "Mpinzani Atazame", mabega yamesimama kama mabawa ya kunguru. Straton akaomba moja ya mama yake. Kisha ya dada yake. Kisha ya shangazi.

"Sheri, kwenu muko na wanawake wangapi?"

"Tunazaana, mpenzi!"

Mapenzi yakamlegeza, akashona.

Kumbe! Mama Chantal, mteja wake tangu enzi za kushonea chini ya turubai, akarudi kutoka harusini Walikale amevimba kama unga wa mandazi.

"Niliingia kama malkia, nikakuta malkia wengine watatu, libaya ile ile! Mumoja ananiuliza, 'Mama, hata weye uko na Bibi Mukubwa?' Bibi Mukubwa! Kama sasa unashonea kila muntu, mimi na wenzangu tutaenda kushonesha Sake."

Annonciata akapiga simu papo hapo.

"Alo, moyo wangu…"

"Moyo wako iko Walikale, inavaa libaya yangu. Uliuza?"

"Niliuza. Lakini haikuwa Mpinzani Atazame! Kule niliipa jina Bibi Mukubwa. Jina ingine, nguo ingine, si njo vile?"

"Ukiita mbuzi ng'ombe, utakamua ndoo ngapi?" Akakata.

Siku ya soko iliyofuata Straton akafika, tope mpaka kifuani, bila miwani. Mama Chantal alikuwa kwenye kigoda, mikono ameikunja.

"Nilikudanganya, nisamehe. Lakini wamama wa kule nao wanapenda kupendeza, na barabara inawakatalia kufika huku. Tuoane, Annonciata. Nipe zingine, nitauza vizuri."

Annonciata akaweka mkasi chini.

"Kuoana, nimekubali. Kuuza, hapana. Libaya yangu haitapanda tena pikipiki bila mimi."

"Na wamama wa Walikale?"

"Nitawafuata. Nitawapima mimi mwenyewe, niwashonee mushono wao, na jina yao. Hata Mama Chantal hataupata."

"Hata mimi?" Mama Chantal akaruka kigodani.

"Hata weye, mama."

Straton akacheka, akafunga mashine ya kushonea nyuma ya pikipiki. Leo Kingi, kuposa kwa baba yake Annonciata, kesho Walikale.

Mama Chantal akasogea, sauti imelainika kama siagi.

"Straton, mwanangu, hii pikipiki inabebaka watu wangapi?"

Annonciata alikuwa amekwisha kupanda.